Ngano na Joto: Wastani Unaficha Wiki Zinazoamua Mavuno

Kila panapozungumzwa ngano na mabadiliko ya tabianchi, takwimu moja hutangulia nyingine zote: wastani wa joto la dunia ukipanda kwa nyuzi 1 ya Selsiasi, mavuno ya ngano hushuka kwa takriban asilimia 6. Ni hesabu iliyofanyiwa kazi. Mwaka 2015 watafiti kutoka nchi nyingi waliendesha modeli 30 za ukuaji wa ngano kwenye kompyuta, wakazipima kwa majaribio ya shambani ambako zao lilikuzwa katika viwango tofauti vya joto, wakafikia hapo. Mwaka 2017 uchambuzi mwingine ulikusanya matokeo ya njia nne tofauti za kupima jambo hilohilo, nao ukaishia karibu palepale. Kwa kuwa dunia huvuna karibu tani milioni 800 za ngano kwa mwaka, asilimia 6 ni zaidi ya tani milioni 45, na zao hili huwapa binadamu kama sehemu moja kati ya tano ya nishati na ya protini wanazopata katika chakula.

Sina ugomvi na hesabu hiyo. Nina ugomvi na namna inavyotumika kwenye meza za maamuzi. Asilimia 6 kwa kila nyuzi 1 husomeka kama hasara inayokuja taratibu, inayojigawa sawasawa mwaka hadi mwaka, na ambayo mbegu bora kidogo na mbolea zaidi kidogo zitaifidia. Shambani mambo hayaendi hivyo. Ngano inaweza kustahimili wiki nyingi za joto lisilo la kawaida bila kupoteza mengi, kisha ikaharibika kwa siku chache tu zilizoangukia wakati mbaya. Tarehe ambayo joto linafika ina uzito kuliko jumla ya joto la msimu mzima. Hilo likikubaliwa, maswali ya kuziuliza serikali na taasisi za utafiti yanabadilika: ngano ilipandwa lini, mbegu iliyoko ardhini ilichaguliwa kwa hali ya hewa ya mwaka gani, na ni sheria zipi zinazomzuia mkulima kuwahi.

Ngano ni zao la majira ya baridi tangu asili yake. Mababu zake wa porini walimea Mashariki ya Kati, katika ukanda unaoanzia Palestina na Jordan, ukapita Syria na kusini mwa Uturuki, hadi Iraq na magharibi mwa Iran. Huko mvua hunyesha wakati wa baridi, na kiangazi ni kikavu na cha moto. Mmea uliofaulu kuacha mbegu ni ule uliochipua kwa mvua za kwanza, ukakua polepole kwenye baridi, ukachanua hali ya hewa ilipoanza kuwa ya upole, na kukomaa kabla jua la kiangazi halijaukausha. Maelfu ya miaka ya kilimo yameisambaza ngano karibu kila bara, lakini mpangilio huo wa maisha yake haujabadilika.

Joto huuharakisha mmea huu. Ngano huhesabu umri wake kwa joto lililokusanyika, siyo kwa siku, hivyo hewa ikiwa ya moto kila hatua ya ukuaji humalizika mapema. Kwenye majani hilo halina madhara makubwa. Kwenye punje ni balaa. Kipindi cha punje kujaa, kuanzia kuchanua hadi kukomaa, hupendelea nyuzi 15 hadi 20. Majaribio yaliyofanywa tangu miaka ya 1980 katika vyumba vinavyodhibiti hali ya hewa yameonyesha kwamba kila nyuzi 1 juu ya 15 katika kipindi hicho hupunguza uzito unaovunwa kwa asilimia 3 hadi 4. Wanga huingia kwenye punje haraka kidogo zaidi, ila siku za kuingia hupungua haraka kuliko hapo, na punje hufunga kabla haijajaa.

Hasara ya namna hii haionekani kwa macho. Shamba hugeuka rangi ya dhahabu, masuke yamesimama, na anayepita barabarani ataona neema tupu. Ni kwenye mizani ndipo mkulima hugundua kwamba punje ni nyembamba, zimesinyaa, na kwamba shamba lililomgharimu kama mwaka uliopita limempa tani chache kuliko alivyotarajia.

Kabla ya hapo kuna hatari nyingine, fupi na kali zaidi. Katika siku zinazotangulia kuchanua, chavua hutengenezwa ndani ya suke ambalo bado limefichwa kwenye ala ya jani. Joto likizidi nyuzi 30 hivi katika siku hizo, sehemu ya chavua huwa tasa. Ua linafunguka, halitungi mbegu, na suke linabaki na nafasi tupu. Mwanzoni mwa maisha yake ngano ina uwezo mkubwa wa kujifidia: machipukizi yakifa yapo mengine, majani yakiliwa yatatoka mengine. Idadi ya punje ikishaamuliwa, uwezo huo umekwisha. Mvua nzuri ya wiki inayofuata haiwezi kurudisha punje ambayo haikutungwa.

Kisha kuna majani yenyewe. Mwaka 2012 watafiti walitumia picha za satelaiti za miaka 9 kuangalia jinsi mashamba ya kaskazini mwa India yanavyopoteza ukijani wake baada ya siku zilizopita nyuzi 34. Ukijani ulitoweka mapema, zaidi ya ilivyotarajiwa kwa wastani wa joto peke yake: joto kali huyazeesha majani na kuyazima yakiwa bado na kazi ya kufanya. Jambo lililonigutusha katika utafiti huo ni kwamba modeli zilizokuwa zikitegemewa zilikuwa zikiikadiria hasara hiyo pungufu, kwa baadhi ya tarehe za kupanda hadi kufikia nusu yake. Maana yake ni kwamba hata wale waliokuwa wakitoa tahadhari walikuwa wakitahadharisha kidogo mno.

Chini ya yote haya kuna kemia. Kimeng'enya kinachonasa hewa ya ukaa ndani ya jani, kiitwacho Rubisco, huchanganya mambo joto linapopanda: hunasa oksijeni mahali pa hewa ya ukaa mara nyingi zaidi, na mmea hulazimika kutumia nguvu kurekebisha kosa hilo. Protini nyingine yenye kazi ya kukiamsha Rubisco hulegea kwa joto ambalo Rubisco yenyewe ingelistahimili. Usiku nao una deni lake. Gizani mmea hautengenezi chakula, unatumia kile ulichotengeneza mchana, na usiku ukiwa wa joto matumizi hupanda. Katika Bonde la Yaqui, jimbo la Sonora huko Mexico, ambako ngano hulimwa kwa umwagiliaji na ustadi wa hali ya juu, tofauti za mavuno kati ya mwaka na mwaka zimeonekana kufuata joto la usiku kwa ukaribu sana. Habari za hali ya hewa hutangaza joto la mchana kama rekodi, na joto la usiku hupita bila kutajwa, wakati ndilo linalokula akiba ya mmea.

Machi 2022 ilionyesha haya yote kwa nchi nzima. Serikali ya India ilikuwa imekadiria mavuno ya tani milioni 111, ambayo yangekuwa rekodi. Zao lilikuwa limekwisha kulipiwa kila kitu: mbegu, mbolea, maji, kazi. Kilichobaki ni punje kujaa. Ikaja Machi yenye joto la mchana kubwa kuliko Machi nyingine yoyote tangu kumbukumbu za nchi hiyo zianze mwaka 1901. Makadirio yakashushwa hadi karibu tani milioni 106. Wiki chache kabla, viongozi walikuwa wakisema India iko tayari kuilisha dunia na kuziba pengo lililoachwa na vita vya Ukraine. Tarehe 13 Mei 2022 wakapiga marufuku kuuza ngano nje.

Kwa asilimia, kutoka milioni 111 hadi 106 ni kama 5 tu. Hapa ndipo wastani unapodanganya. Ununuzi wa serikali kwa ajili ya akiba ya chakula ulianguka kutoka tani milioni 43 mwaka 2021 hadi chini ya milioni 19 mwaka 2022, kwa sababu mavuno yalikuwa pungufu na pia kwa sababu wafanyabiashara walilipa zaidi ya bei ya serikali, soko la dunia likiwa limepamba moto. Upungufu mdogo juu ya karatasi ukawa mtikisiko mkubwa kwenye maghala. Siku kumi za joto katika wiki isiyofaa zinaweza kubadilisha sera ya biashara ya nchi yenye watu zaidi ya bilioni moja, na hakuna takwimu ya asilimia kwa kila nyuzi inayoweza kukutayarisha kwa hilo.

Urusi ya 2010 ilikuwa na sura nyingine. Huko joto lilikuja likishikana mkono na ukame na likakaa kwa wiki nyingi. Ngano hujipoza yenyewe kwa kutoa maji kupitia vitundu vya majani. Shamba lenye maji ya kutosha huwa na ubaridi wa nyuzi kadhaa kuliko hewa inayolizunguka. Udongo ukikauka, vitundu hufungwa, na jani hupata joto lote bila kinga. Udongo mkavu nao huacha kupoza hewa, kwa hiyo joto linazaa ukame na ukame unazaa joto. Mavuno ya ngano ya Urusi yalipungua kwa takriban theluthi moja yakilinganishwa na 2009, na kuanzia tarehe 15 Agosti 2010 nchi hiyo ikasimamisha kuuza nafaka nje. Bei za dunia zikapaa. Kwa mara ya pili tunaona mfuatano uleule: joto, mavuno pungufu, mpaka kufungwa, na mzigo wote kuwashukia wanunuzi wa mbali ambao mashamba yao hayakuguswa na joto lolote. Karibu robo ya ngano ya dunia huvuka mipaka kabla ya kuliwa. Kila anayefunga mpaka wake huwapandishia wengine bei juu ya ile iliyokwisha kupandishwa na joto lenyewe, na naona ni makosa kuendelea kuziita hatua hizi mambo ya ndani ya nchi.

Kuna tukio la tatu ambalo halitajwi sana, nalo linafundisha zaidi ya mengine. Mwaka 2016 Ufaransa, moja ya wazalishaji stadi kuliko wote duniani, ilipata mavuno mabaya ambayo haikuwahi kuyaona kwa zaidi ya nusu karne, pungufu kwa zaidi ya robo. Hakukuwa na wimbi la joto la kiangazi. Wachambuzi waliochunguza baadaye walikuta mchanganyiko wa mambo mawili: joto lisilo la kawaida mwishoni mwa vuli, na mvua nyingi kupita kiasi miezi kadhaa baadaye. Mifumo ya utabiri wa mavuno haikuliona hilo likija, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akiuogopa ujoto wa Desemba. Ngano ya majira ya baridi huhitaji wiki kadhaa za baridi ili iruhusiwe kuchanua kwa wakati, na baridi hiyohiyo huwazuia wadudu na magonjwa yanayotaka kuvuka mwaka. Ikikosekana, athari hujitokeza miezi mingi baadaye, ikiwa imevaa sura ya kitu kingine.

Wapo wanaojibu kwamba yote haya yatasawazishwa na mambo mawili: hewa ya ukaa iliyoongezeka, ambayo ni chakula cha mimea, na ardhi mpya za kaskazini zitakazofaa kwa ngano. La kwanza lina ukweli ndani yake. Ngano ni mmea unaonufaika na hewa ya ukaa zaidi kuliko mahindi, na pia hutumia maji kwa uangalifu zaidi hewa hiyo ikiwa nyingi. Lakini hewa ya ukaa haiiokoi chavua iliyopigwa na joto. Na majaribio ya mashamba ya wazi yaliyochapishwa mwaka 2014 yalikuta kwamba ngano iliyokuzwa katika kiwango cha hewa ya ukaa kinachotarajiwa katikati ya karne hii ilikuwa na zinki pungufu kwa asilimia 9, madini ya chuma pungufu kwa asilimia 5 na protini pungufu kwa asilimia 6. Joto kali wakati punje zinajaa nalo huharibu uwiano wa protini za gluteni, unga ukatoa donge dhaifu lisiloumuka inavyopasa. Kwa hiyo tani inayobaki si tani ileile.

Kuhusu kaskazini, sitakaa sana. Msimu mrefu zaidi Siberia au kwenye nyanda za Kanada utaleta mavuno fulani, na ni vizuri. Sehemu kubwa ya ardhi iliyo kaskazini zaidi ya mashamba ya sasa ina udongo mwembamba juu ya mwamba au kinamasi, na hakuna reli wala maghala. Zaidi ya hapo, tani inayopatikana huko huuzwa kwa mwenye fedha za kigeni, na mkulima wa jimbo la Uttar Pradesh huko India aliyepoteza mavuno yake hapati chochote.

Jibu lenye uzito zaidi limetoka Australia, na halifurahishi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kwamba kati ya 1990 na 2015 mavuno ya juu kabisa yanayowezekana kwa ngano inayotegemea mvua nchini humo yalishuka kwa asilimia 27, kwa sababu ya mvua kupungua hasa, na joto kupanda. Mavuno halisi hayakushuka. Wakulima wa Australia, ambao ni wepisi kupokea teknolojia kuliko wengi, waliboresha kila walichoweza, na juhudi zao zote za robo karne zikaishia kuwaweka palepale walipokuwa. Mtu anayesoma takwimu za mavuno ya taifa ataona mstari ulionyooka na kudhani hakuna kilichotokea. Hali hiyohiyo ilionekana kwa dunia nzima: utafiti wa mwaka 2011 ulikadiria kwamba mwelekeo wa hali ya hewa kati ya 1980 na 2008 uliyafanya mavuno ya ngano duniani yawe pungufu kwa asilimia 5.5 kuliko ambavyo yangekuwa. Mavuno yaliendelea kupanda miaka hiyo, kwa hiyo wachache walishtuka.

Basi kifanyike nini? Naanza na tarehe ya kupanda, kwa sababu ndiyo kinga ya bei nafuu kuliko zote na ndiyo inayokwama kwa sababu zisizohusiana na ngano kabisa.

Katika majimbo ya Punjab na Haryana nchini India, ngano hufuata mpunga kwenye shamba lilelile. Kila siku inayochelewa baada ya katikati ya Novemba hugharimu kama asilimia 1 ya mavuno, kwa kuwa inasogeza kujaa kwa punje karibu na joto la Machi na Aprili. Mkulima analijua hilo vizuri. Lakini mwaka 2009 Punjab ilipitisha sheria ya kuhifadhi maji ya chini ya ardhi, iliyokataza kuhamishia miche ya mpunga shambani kabla ya tarehe 10 Juni, ili mpunga usinyonye maji katika wiki zenye jua kali kuliko zote. Lengo lilikuwa jema na maji yale kweli yanaisha. Matokeo yake ni kwamba mpunga huvunwa kwa kuchelewa, na mkulima hubakiwa na muda mfupi sana wa kusafisha shamba kabla ya ngano. Wengi huwasha moto mabua. Moshi hufunika miji, na sheria nyingine hutungwa kuuzuia moshi, huku chanzo kikiwa kimekaa kwenye kalenda.

Ukitazama hivyo, unaona kwamba mbegu ya mpunga inayokomaa mapema ni kinga ya joto kwa ngano. Aina ya mpunga iitwayo Pusa 44 ilipendwa kwa mavuno yake makubwa ingawa hukaa shambani muda mrefu. Mwaka 2023 serikali ya Punjab ilitangaza kuipiga marufuku kuanzia msimu uliofuata. Watu waliujadili uamuzi huo kama suala la maji na moshi. Mimi nauhesabu kuwa miongoni mwa hatua muhimu kuliko zote zilizochukuliwa India kuiokoa ngano na joto, mradi mkulima alipwe kwa anachopoteza kwenye mpunga. Hali ni hiyohiyo kwa mashine iitwayo Happy Seeder, inayopanda ngano moja kwa moja kwenye mabaki ya mpunga bila kuchoma wala kulima. Inaokoa siku kadhaa, na mabua yanayobaki juu ya udongo huupunguzia joto na kuuhifadhia unyevu. Mkulima mdogo hawezi kuinunua peke yake kwa kazi ya siku chache za mwaka, kwa hiyo ruzuku yake inafaa iende kwenye vikundi na watoa huduma wa kukodisha.

Kuwahi kupanda nako kuna mtego wake. Mbegu nyingi za maeneo ya joto ziliondolewa hitaji la baridi ili ziweze kukua popote; ukizipanda Oktoba hewa ikiwa bado ya moto, hukimbilia kuchanua zikiwa ndogo. Ndiyo maana taasisi ya utafiti wa kilimo ya India ilitangaza mwaka 2023 aina iitwayo HD 3385, iliyotengenezwa kwa kupandwa mapema: hujizuia mwanzoni, hurefusha muda wa kukua, na hujaza punje kabla ya joto. Huu ni uzalishaji wa mbegu unaofikiri kwa kalenda, na ningependa kuona fedha nyingi zaidi zikienda huko kuliko kwenye ahadi za mmea mmoja utakaostahimili kila kitu.

Uwezo wa kisayansi upo. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano, CIMMYT, huko Mexico kilirithi mfumo ulioanzishwa na Norman Borlaug, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1970, wa kukuza vizazi viwili vya ngano kwa mwaka: kimoja Sonora karibu na usawa wa bahari, kingine Toluca kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,600. Leo kituo hicho hupanda sehemu ya majaribio yake kwa kuchelewa makusudi, ili masuke yachanue kwenye joto na dhaifu zijulikane. Watafiti hupima joto la majani kwa vifaa vya miale ya infraredi, wakichagua mimea inayojua kujipoza. Huchanganya ngano na nyasi za porini zilizo jamaa zake, ambazo zimehifadhi jeni zilizopotea katika kilimo. Katika bonde la Mto Senegal, ICARDA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha maeneo makavu, ilionyesha kwamba ngano ngumu (durum, ile ya kutengenezea tambi) inaweza kuvunwa kwa takriban miezi mitatu kati ya misimu miwili ya mpunga, mahali ambapo vitabu vya zamani vingekuambia usijaribu.

Sudan ni sehemu ya hadithi hii kwa namna ya pekee. Wad Medani, katikati ya mashamba ya umwagiliaji ya Gezira, ni miongoni mwa sehemu zenye joto kali kuliko zote ambako ngano hulimwa duniani, na kwa miaka mingi imekuwa uwanja wa kupima mbegu za dunia iliyo na joto zaidi. Kilichoshindwa huko kilitupwa, na kilichostahimili kilipelekwa kwingine. Vita vilivyoanza Aprili 2023 viliufikia mji huo Desemba ya mwaka huohuo. Mbali na uchungu mkubwa wa watu wake, dunia ilipoteza misimu ya kazi mahali ambapo hapana mbadala wa karibu, na sikuona mjadala wowote wa usalama wa chakula uliolipa hilo uzito unaostahili.

Tatizo kubwa zaidi liko baada ya maabara. Aina mpya ya ngano huchukua miaka kama 10 kutoka kuchavushwa hadi kusajiliwa. Baada ya hapo mbegu zizidishwe, zifike madukani, na mkulima azione kwa jirani kabla ya kuziamini. Katika nchi nyingi mbegu zilizoko shambani zina umri wa zaidi ya miaka 10 tangu zisajiliwe. Jumlisha miaka hiyo na utaona kwamba ngano inayochanua msimu huu ilichaguliwa kwa hali ya hewa ya miongo miwili iliyopita, na dunia ya 2024, mwaka wa kwanza ambao wastani wa joto ulizidi ule wa kabla ya viwanda kwa zaidi ya nyuzi 1.5, si ile ambayo ngano hiyo ilichaguliwa kwa ajili yake. Kupunguza pengo hilo kwa miaka 5 tu kungekuwa na faida ya haraka kuliko miradi mingi inayopewa majina makubwa. Kunahitaji fedha za kuzidisha mbegu, maofisa ugani wenye usafiri, na mashamba ya mfano. Hakuna kati ya hivyo kinachovutia wafadhili, na hapo ndipo kazi inapolala.

Bima nayo ipangwe upya. Mikataba mingi ya bima ya hali ya hewa humlipa mkulima kwa kuangalia mvua ya msimu. Mkulima wa ngano aliyepata mvua zote na kisha akapigwa na siku 6 za nyuzi 35 wakati wa kuchanua hulipwa sifuri. Kipimo kinachofaa ni saa ambazo joto lilizidi nyuzi 30 katika wiki za kuchanua na za punje kujaa, kwa tarehe halisi ya kupanda ya eneo husika. Takwimu za kufanya hivyo zipo: satelaiti huonyesha shamba lilichipua lini, na vituo vya hali ya hewa hurekodi joto kila saa. Data hizohizo, pamoja na utabiri wa hali ya hewa, zingeweza kumpa mkulima taarifa siku kadhaa kabla ya joto, amwagilie maji kidogo jioni ambayo haina upepo na kuipoza ngano yake ikiwa ina maji ya kupewa.

Na mamlaka zinazosajili mbegu zina jambo moja linaloweza kufanyika bila kusubiri fedha za mtu yeyote: aina mpya isisajiliwe mpaka ipimwe kwenye shamba lililopandwa kwa kuchelewa makusudi, pembeni ya lile la kawaida, na matokeo ya mashamba yote mawili yaandikwe kwenye mfuko wa mbegu ili mnunuzi aone tofauti yake kabla ya kulipa.